SOMO: Uvimbe kwenye ngozi ya mbwa, usiuminye kabla hujaona tundu

Wadau, wiki hii pekee nimetumiwa picha tano za mbwa wenye vinundu na swali lile lile: "Nimkamue?" Naandika mara moja. Mimi si daktari. Nafuga mbwa Muheza, na huku funza wa nzi wa embe, wale wanaoingia chini ya ngozi na kuifanya ivimbe, tunawajua vizuri.

1. Mfunge mbwa mdomo kwa kitambaa laini. Hata yule mpole.

2. Punguza manyoya, osha kwa sabuni, mpeleke kwenye mwanga.

3. Tafuta tundu. Uvimbe wa funza una kijitundu katikati, na ukitulia utaona kitu kinachungulia na kurudi: anapumua. Hapana tundu? Ruka hadi 6.

4. Ziba tundu kwa mafuta ya mgando, mengi. Subiri nusu saa.

5. Mtoe. Hapa ndipo nilipoharibu. Sikungoja, nikaminya kwa kucha toka juu, funza akapasukia ndani. Kesho yake paja la jike wangu limefura kama embe dodo, hapati usingizi, na nikalipia sindano za siku tano. Minya kwa vidole viwili toka chini ya uvimbe, mbali na tundu, polepole, kichwa kitokeze ndipo umshike kwa kibanio. Mwili wake una vimiiba. Akigoma USIVUTE, ongeza mafuta ungoje tena. Akitoka muue, maana ukimwacha anajichimbia mchangani na kurudi akiwa nzi. Kidonda osha kwa maji ya chumvi.

6. Kama hapana tundu, hakikisha si kupe, kisha uache. Kinundu laini kinachoteleza chini ya ngozi ya mbwa mzee mara nyingi ni mafuta tu, ila vidole havijui. Daktari wa mifugo huchoma sindano nyembamba, akavuta chembe na kuzitazama kwenye hadubini. Kuna saratani ya ngozi ambayo ukiichokoachokoa inafura hapo hapo.

MASWALI

– Mkuu, mbwa wangu ana uvimbe, nimpe dawa gani?
Una tundu?
– Sijaangalia.
Hatua ya 3.

– Babu yangu alipaka oili chafu na mbwa walipona.
Mbwa hujilamba, oili inaishia tumboni. Babu yangu naye alipaka. Waliokufa hakuwahesabu.

– Watoto wanaomshika wataambukizwa?
Swali zuri. Funza hahami toka kwa mbwa kwenda kwa mtoto. Nzi hutaga kwenye mchanga wenye mkojo, au nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Vifunza vinangoja ngozi yenye joto ipite. Ndiyo sababu bibi hapa anapiga pasi hadi kanga, nepi ndiyo usiseme. Mimi nilimtengenezea mbwa kichanja cha kulalia, funza wamepungua sana.

– Dume wangu ana kitu kama koliflawa kwenye uume, kinadondosha damu.
Huenda ni ule uvimbe wa kupandana. Chembe zenyewe zinahama mbwa kwa mbwa. Mfungie, asipande. Daktari akithibitisha, kuna sindano ya vinkristini (dawa ya saratani) ya kila wiki, na wengi hupona. Usichelewe, ndugu yangu.

– Hicho kichanja kina kimo gani?
Futi moja. Acha nafasi kati ya mbao mkojo upite, na ufagie chini yake kila siku, la sivyo umewajengea nzi.