Namna ya Kugeuza Jalada la Mteja Kuwa Hoja ya Sera

Afisa ustawi wa jamii akimsindikiza mteja hadi akapata haki yake, amefanya kazi yake. Lakini akirudi mwezi unaofuata na mteja mwingine kwenye dirisha lile lile, wakakwama pale pale, ajue kwamba tatizo haliko kwa mteja.

Anza na uandishi wa jalada. Wengi wetu huandika "mteja hakufanikiwa kusajiliwa", sentensi isiyomsaidia mtu yeyote. Andika alikwenda wapi, siku gani, alidaiwa nini na aliambiwa maneno gani, kadiri anavyoyakumbuka mwenyewe. Tuchukue mfano wa bibi anayelea wajukuu wawili, ambaye ombi lake la ruzuku ya watoto limerudishwa. Jalada likisema "hana nyaraka", habari imeishia hapo. Likisema kwamba ombi lilirudishwa kwa sababu nafasi ya saini ya mzazi ilikuwa tupu, ilhali mzazi hajulikani alipo, tayari pana jambo la kufuatilia.

Baada ya hapo tafuta kikwazo kimezaliwa wapi, hatua ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayorukwa zaidi. Soma sheria yenyewe, kisha kanuni zake, kisha waraka wa utekelezaji na fomu, halafu uliza dirishani wanafanyaje hasa. Huenda ukakuta sheria inasema "mzazi au mlezi", na kanuni hivyo hivyo, ila aliyeandaa fomu akaandika "mzazi" peke yake. Kupigania marekebisho ya sheria hapo ni kutwanga maji kwenye kinu, kwa kuwa kinachohitajika ni barua kwa idara inayotoa fomu. Lakini ikiwa sheria yenyewe ndiyo inayomwacha mlezi nje, hakuna karani atakayekusaidia, hata awe na huruma kiasi gani.

Kisha hesabu. Daftari lenye tarehe, huduma iliyoombwa, kikwazo na matokeo, bila majina, linatosha. Usitegemee kumbukumbu ya kichwani, maana shauri moja lililotuumiza moyo huweza kuonekana kama kumi. Mipango ya ruzuku huwa na makosa ya aina mbili: kumwingiza asiyestahili na kumwacha anayestahili. La kwanza mkaguzi hulikuta vitabuni. La pili halina risiti, kwa sababu aliyeachwa hayumo kwenye orodha yoyote isipokuwa majalada yako.

Kabla ya kumtumia bibi huyo kama mfano, omba ridhaa yake na umweleze wazi kwamba akikataa, huduma yake haitaathirika. Kufuta jina hakutoshi: ukiandika "bibi mwenye wajukuu pacha" katika eneo dogo, kila mtu atamjua.

Andiko lenyewe la hoja ya sera lisizidi kurasa mbili, na ombi lako likae aya ya kwanza: neno gani libadilishwe, katika waraka upi, na nani mwenye mamlaka ya kulibadilisha. Ongeza ahadi ambayo serikali imeshaikubali. Kwa shauri hili, Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unafaa sana, kwa kuwa ibara ya 26 inapotaja mafao ya hifadhi ya jamii inataka izingatiwe hali ya mtoto na ya watu wenye jukumu la kumtunza, wala haisemi wazazi peke yao. Njia hii ya kugeuza taarifa za watu kuwa hoja ya sera si ngeni: Florence Kelley, mwanaharakati wa Marekani, akiishi Hull House, nyumba ya huduma za jamii huko Chicago, alikusanya taarifa za watoto na wanawake waliofanya kazi katika karakana za nguo, na mwaka 1893 jimbo la Illinois likapitisha sheria iliyopiga marufuku kuwaajiri viwandani watoto wa chini ya miaka 14.

Wakati andiko likizunguka ofisini, ombi la bibi lisisubiri. Kata rufaa kabla muda wake haujapita, ukiambatanisha nakala ya kifungu cha sheria kinachomtaja mlezi, na hakikisha nakala ya rufaa iliyogongwa muhuri wa kupokelewa inabaki jaladani.