Kukadiria Namba katika Mafumbo ya Hesabu: Wapi Upandishe, Wapi Ushushe

Kabla ya kugusa namba yoyote, soma sentensi ya mwisho ya fumbo, ile yenye swali. Hiyo ndiyo inayoamua namba zikadiriwe katika nafasi ipi, na kama zipandishwe au zishushwe. Kanuni ya tarakimu 5 hufuata baadaye. Anayeanza na kanuni huweza kufanya hesabu bila kosa lolote na bado akaandika jibu lisilofaa.

Kanuni yenyewe ni fupi. Chagua nafasi unayoitaka, kisha tazama tarakimu moja tu iliyo kuliani kwake. Ikiwa ni 0 hadi 4, tarakimu ya nafasi yako inabaki ilivyo; ikiwa ni 5 hadi 9, iongeze 1. Zote za kulia zigeuze sifuri. Kwa hiyo 3,847 katika mamia ni 3,800, kwa sababu kulia kwa 8 ipo 4. Kosa linalojirudia sana hapa ni kukadiria mara mbili: kwanza makumi (3,850), halafu mamia (3,900). Pima umbali uone: 3,847 iko hatua 47 kutoka 3,800, lakini hatua 53 kutoka 3,900. Kadiria mara moja tu, ukianzia kwenye namba halisi. Na tarakimu ya kuongezwa ikiwa ni 9, peleka 1 kushoto: 2,996 katika makumi ni 3,000.

Sasa nafasi. Katika kujumlisha na kutoa, kadiria namba zote katika nafasi moja. Maktaba ina vitabu 4,718, ikapokea 1,265, ikaazimisha 2,390. Vimebaki takribani vingapi? Katika mamia: 4,700 + 1,300 − 2,400 = 3,600. Jibu kamili ni 3,593, kwa hiyo makadirio yamekaa vizuri. Ukitumia maelfu utapata 4,000, namba iliyo mbali bila sababu.

Kutoa kunahitaji uangalifu zaidi namba zinapokaribiana. Chukua 5,149 − 4,862. Katika maelfu unapata 5,000 − 5,000 = 0, kana kwamba hakuna tofauti kabisa. Katika mamia unapata 200, katika makumi 290, na jibu halisi ni 287. Tofauti ikiwa ndogo, shuka kwenye nafasi ndogo.

Kuzidisha ndiko makosa hukua haraka. 35 × 45 ni 1,575, lakini kanuni ikipandisha zote mbili unapata 40 × 50 = 2,000, ziada ya 425. Dawa ni kupandisha moja na kushusha nyingine: 40 × 40 = 1,600, au 30 × 50 = 1,500. Ndiyo, hapo umeiacha kanuni ya 5 kwa makusudi, na katika makadirio inaruhusiwa, isipokuwa swali limetaja nafasi ya kukadiria. Ukiwa na masanduku 48 yenye misumari 312 kila moja, 50 × 300 = 15,000 inatosha kabisa, kwa kuwa jibu kamili ni 14,976.

Kugawanya ni kinyume chake: sogeza namba zote mbili upande mmoja, tena uchague zinazogawanyika bila baki. Kwa 2,637 ÷ 43, usihangaike na mamia ya karibu. 43 imeshuka kuwa 40, basi ishushe na 2,637 hadi 2,400. Jibu ni 60. Halisi ni 61 na baki 14. Kanuni ya kawaida ingekupa 2,600 ÷ 40 = 65, ambayo ni mbali zaidi.

Baada ya kugawanya, rudi kwenye swali. Watu 218 wanasafiri kwa mabasi yenye viti 52 kila moja. 218 ÷ 52 ni kama 4.19, na kanuni inasema 4. Lakini mabasi 4 yana viti 208; watu 10 wataachwa. Jibu ni 5. Upande wa pili, kamba ya mita 20 inakatwa vipande vya mita 1.7. Hesabu inatoa kama 11.76, kanuni inasema 12, ila kipande cha kumi na mbili hakitimii: baada ya vipande 11 inabaki mita 1.3 tu. Jibu ni 11. Vyombo vya kubebea vitu au watu hupandishwa. Vipande kamili vinavyopatikana hushushwa.

Swali likiuliza kama kitu kinatosha au kinazidi kikomo, kadiria upande wa tahadhari. Lifti inabeba kilo 600 tu. Watu 8 wenye wastani wa kilo 74 wanaweza kupanda pamoja? Usishushe 74 kuwa 70, kwa maana utapata 560 na kujiamini bila msingi. Pandisha: 8 × 80 = 640. Imezidi, lakini kwa kidogo, na makadirio yakikaribia kikomo hivyo hayatoi uamuzi. Fanya hesabu kamili: 592. Wanaweza.

Fumbo likitaka jibu kamili, makadirio bado yana kazi. Yaandike pembeni kwanza. Ukipata 149,760 kwa yale masanduku 48 huku makadirio ni 15,000, sifuri imezidi mahali fulani.

Ila usikadirie katikati ya hesabu kamili. Mashine inatumia lita 10 za mafuta kwa saa 7. Kwa saa 60 itatumia ngapi? Anayekata 10 ÷ 7 kuwa 1.4 kisha akazidisha kwa 60 anapata lita 84. Zidisha kwanza, 10 × 60 = 600, ndipo ugawanye kwa 7: ni lita 85.7, na desimali hiyo moja ndiyo sehemu pekee ya kukadiria.