Jinsi ya kuelewa nahau za Kiingereza kuhusu urafiki

Wengi wa wanafunzi wangu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, ni wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo, na kosa ninalolisahihisha kila wiki ni la kufasiri nahau neno kwa neno. Nawaelekeza hivi.

Hatua ya kwanza, andika sentensi nzima pamoja na tukio lenyewe, kwa kuwa nahau peke yake haikuonyeshi nia ya msemaji. Ukisikia kwamba watu wawili "got on like a house on fire", maneno yanakuchorea nyumba inayoungua. Lakini ukikumbuka kwamba aliyesema alikuwa akitabasamu, utatambua kuwa watu hao walipatana mara tu walipokutana.

Hatua ya pili, uliza kila neno linamhusu nani, na hapa usiharakishe. Chukua methali "a friend in need is a friend indeed". Wanafunzi wengi hudhani shida ni ya yule rafiki, wakahitimisha kwamba mwenye shida ndiye hujifanya rafiki. Kwa matumizi ya kawaida, shida ni yako wewe, na rafiki ni yule anayekusaidia wakati huo. Nikiandika kando yake "akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", darasa hucheka, kwani kiambishi "ku" katika "akufaaye" kimemtaja waziwazi mwenye dhiki, ilhali Kiingereza kimemwachia msikilizaji amtafute mwenyewe.

Hatua ya tatu ni fupi: kitenzi kinachofuatwa na kijineno kisome kama kitu kimoja. Marafiki wakisemwa kuwa "fell out", wamekosana. Wakisemwa kuwa "made up", wamepatana tena, wala hakuna aliyeanguka.

Hatua ya nne, chunguza Kiingereza unachokisikia mitaani. Mtu wa Kampala akikuambia "you are lost", analalamika kirafiki kwamba hujaonekana siku nyingi, sawasawa na "umepotea" yetu. Mimi naipenda kauli hiyo na sitaki mtu aiache, ila Mwingereza aliyefika jana atadhani unamwambia amepotea njia, na huenda akaanza kukuuliza barabara ya kwenda hotelini kwake. Kwake yeye sema "I haven't seen you for ages".