Somo: Kuupima utafiti wa elimu kabla hujaupeleka darasani

Walimu wenzangu wa Lamu, kila semina tunarudi na karatasi zinazosema "utafiti umeonyesha". Umeonyesha kwa watoto wa wapi? Karatasi hazisemi.

Hatua ya 1. Anza na tatizo lako, tena liwe moja. "Watoto hawaelewi" halishikiki. "Gredi ya 5 wanasahau sayansi baada ya wiki mbili" linashikika.

Hatua ya 2. Uulize utafiti maswali matatu: walisomeshwa nani, walilinganishwa na nani, walipimwa lini? Hili la mwisho ndilo tunaloliruka. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi makala fupi. Wengine waliisoma tena, wengine waliifunga na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki, mambo yaligeuka: 42 kwa 56. Mwalimu anayepima siku ile ile angesifu njia dhaifu.

Lakini wale walikuwa wa chuo kikuu. Swali la kwanza nalo lina uzito, na mfano tunao hapa Kenya. Glewwe, Kremer na Moulin walichunguza ugawaji wa vitabu vya kiada Busia, wakachapisha mwaka 2009. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa mbele tangu hapo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao. Mwalimu wa Faza, hapa Lamu, ambako watoto huja shuleni na Kibajuni, hahitaji kufafanuliwa hapo.

Hatua ya 3. Jaribu jambo dogo. Kipindi kikianza, madaftari yamefungwa, uliza maswali matatu: la jana, la wiki iliyopita, la mwezi uliopita. Kila mtoto aandike kabla ya mkono wowote kunyooshwa, la sivyo wajanja wawili watalijibia darasa zima. Usitoe alama. Taja jibu sahihi papo hapo. Watoto wetu hawataona ajabu, maana chuoni, yaani madrasa, maalim huwasikiliza msahafu umefungwa. Tofauti ni kwamba hapa unataka maneno yao wenyewe.

Hatua ya 4. Linganisha. Ukiwa na mikondo miwili, mmoja uanze na mwingine uendelee kama kawaida. Mada ikibadilika, wabadilishane. Wiki mbili baadaye wape wote jaribio moja, bila kuwatangazia. Kisha soma makosa yao, usiishie kwenye wastani.

Maswali ya walimu wenzetu

*Mwalimu, Mokowe:* Nina watoto zaidi ya 60. Nitasahihisha saa ngapi?

Usisahihishe, mwalimu. Wajisahihishe wenyewe, wewe pitia madaftari matano tu, kesho mengine matano.

*Mwalimu, Kizingitini:* Shikamoo mwalimu. Vipi kuwagawa watoto kwa kiwango?

Marahaba. Duflo, Dupas na Kremer, mwaka 2011, walitoa matokeo ya shule 121 za magharibi mwa Kenya. Darasa la kwanza lilipogawanywa kwa kiwango, walio juu na walio chini wote walifanya vizuri kuliko waliochanganywa. Ila kila shule iliongezewa mwalimu, na hilo kwetu ni ndoto. Anza na kipindi cha kusoma peke yake, panga vikundi, na uwapime upya kila mwezi ili aliyepanda ahamishwe.