Jinsi ya kuipigisha kona glaida kwenye Game of Life: Snark, bouncer na ile ishu ya rangi

Wiki iliyopita dogo mmoja wa hapa Chikongola, Mtwara, alinijia na laptopu yake, macho mekundu. "Kaka, hii glaida nimeisogeza tangu jana, inakataa kupita ninapotaka." Glaida ni kaumbo ka seli tano kanakotembea mshazari kwenye Game of Life, ule mchezo wa kompyuta wa seli zinazozaliwa na kufa kwenye gridi, kizazi baada ya kizazi. Alikuwa anaunda geti ya HAPANA (NOT, ile inayogeuza ndiyo kuwa hapana): mkondo wa glaida unakatana na mkondo mwingine, zikigongana zinapotea zote mbili, ikikosekana moja basi ya pili inapita. Alipokwama ndipo na mimi nilipoteza usiku mbili, kwa hiyo naandika.

Hatua ya 1. Pakua Golly, programu ya kuendeshea Game of Life, ni ya bure. Ipo hata ya simu ya Android ila kwa kazi hii tumia kompyuta, seli ni ndogo mno kwa kidole. Sheria iwe B3/S23, yaani seli inazaliwa ikiwa na jirani 3, inabaki hai ikiwa na 2 au 3.

Hatua ya 2: bunduki, yaani muundo unaofyatua glaida mfululizo. Wengi wanakimbilia ile ya Gosper ya 1970 inayotoa glaida kila vizazi 30. Kwa Snark, muundo wa kuipigisha glaida kona, usiiguse. Snark inahitaji vizazi 43 kujirudisha ilivyokuwa, sasa glaida ya pili ikifika kwenye 30 inaikuta bado imefumuka na saketi nzima inalipuka. Mimi natumia bunduki ya 60. Zamani nilipenda ya 46 kwa kuwa inapita 43 kidogo tu, nimeiacha, sababu utaiona hatua ya 5.

Hatua ya 3: Snark. Ikopi kwenye LifeWiki, tovuti ya miundo ya Game of Life, pesti, rusha glaida moja tu kwanza. Kila seli ikirudi mahali pake uko sawa. Mike Playle aliipata Aprili 2013, na kwa kweli naiheshimu sana, maana reflekta tulivu (kipinda glaida kisichocheza chenyewe) ya kwanza, ya Paul Callahan mwaka 1996, ilitaka vizazi 4840 kabla ya kupokea glaida nyingine!

Hatua ya 4: rangi. Hapa tulia. Ukiisogeza Snark seli moja kufuata mshazari ambao glaida inakuja nao, njia ya kutokea inaruka mbili. Siyo moja, mbili. Ukirudisha nyuma inaruka mbili upande wa pili. Kwa hiyo kama unapotaka kupita pako njia moja tu pembeni, utapapita huku, utapapita kule, na hutapagusa. Mimi niliigeuza Snark kama inavyoonekana kwenye kioo, nikaongeza ya pili, ya tatu, nikaichelewesha glaida, wapi.

Chukulia drafti. Pale Mikindani wazee wanachezea vizibo vya soda, na kizibo kinatembea mshazari tu, kwa hiyo kilichoanzia kwenye nyeusi kitaliwa kwenye nyeusi. Glaida ni vilevile, ukiichukulia gridi imepakwa nyeusi na nyeupe kama ubao huo: kila vizazi 4 inasogea seli moja mshazari na rangi haihami. Snark inapinda njia ila rangi inaiacha ilivyo, uzipange hata ishirini.

Kuijua rangi, isimamishe glaida pale seli zake tatu zimenyooka mstari mmoja, angalia seli ya kona iliyo mbele kabisa inakoelekea, soma x na y kwenye mstari wa taarifa wa Golly, jumlisha: shufwa ni rangi moja, witiri ni nyingine. Angalizo, na hili ndilo lililonidanganya usiku wa pili mzima: hiyo mistari ya tatu inatokea mara mbili katika kila vizazi 4, mara imelala mara imesimama, na moja ni sura ya kioo ya mwenzake, ukizilinganisha hizo mbili unapata jibu la kinyume kabisa. Chora glaida inayoingia kwenye karatasi, halafu zungusha karatasi mpaka ielekee inakokwenda ile unayotaka itoke. Zikifanana, linganisha. Ukiona mpaka uipindue karatasi uitazame kwa nyuma, bonyeza spesi mara mbili kwanza (kila mbonyezo ni kizazi kimoja), ndiyo usome.

Rangi ya glaida na ya njia unayoitaka zikiwa tofauti, na bunduki iko huru, isogeze bunduki yenyewe seli moja kulia au kushoto, umemaliza. Dogo hakuweza, glaida yake ilitoka kwenye kipande kilichokwisha pangwa. Hapo unatoa Snark moja unaweka bouncer, reflekta za aina nyingine, zile za Noam Elkies za 1998, ndizo zinazobadilisha rangi. Usichanganye na bumper za Tanner Jacobi za 2016, zile zinaiacha rangi kama Snark.

Hatua ya 5: wakati. Bouncer haitulii, inacheza muda wote. Mimi nachagua ya p5, inajirudia kila vizazi 5, kwa hiyo glaida lazima ifike kwenye pigo lake. Usihangaike kusogeza vitu: fungua bouncer kwenye faili lake, piga spesi mara moja, kopi, pesti, jaribu. Ni majaribio matano tu, moja litakubali. Ila mkondo mzima utapita tu kama namba ya bunduki inagawanyika kwa 5. 60 inagawanyika, 46 haigawanyiki, ndiyo maana glaida yangu ya kwanza ilikuwa inapinda safi kabisa halafu ya pili inabomoa kila kitu.

Hatua ya 6. Mwisho wa kila mkondo weka mlaji wa seli 7 azimeze zinazobaki. Dogo aliweka mmoja upande wa kutokea tu, na glaida zilizokosa za kugongana nazo zikanyoosha mpaka kwenye bunduki ya jirani. Weka pande zote mbili, halafu sevu kwa jina jipya kabla ya kuiendesha.