Kubadilisha nyaya za mlingoti kwenye mashua ndogo ya zamani

Mashua ya faiba ya miaka ya 1970, ya futi 18 hadi 24, ikikufikia mkononi huja na nyaya ambazo hakuna anayekumbuka zilifungwa lini. Ukiuliza ufukweni hapa Kisumu utaambiwa usijisumbue: ziwa ni maji baridi yasiyo na chumvi, stenlesi haiozi. Hilo ni kweli nusu. Chumvi huharakisha uharibifu, lakini waya wa mlingoti hufa pia kwa kuchoka. Kila wimbi huuvuta na kuulegeza, hata mashua ikiwa imefungwa tu pale Dunga, ikisukumwa na upepo wa alasiri na gugumaji. Baharini wengi hubadilisha kila miaka 10 hadi 15. Ziwani unaweza kuvuka hapo, ila kama hujui umri wa waya, uhesabu umekwisha. Na ukibadilisha, badilisha zote. Waya mmoja mpya katikati ya wazee ni kuhamishia tu tatizo kwa jirani yake.

Nazungumzia nyaya zinazosimama: wa omo (mbele), wa tezi (nyuma), na za ubavuni, za juu na za chini. Henza, zile kamba za kupandishia tanga, na kamba nyingine za tanga ni somo lingine.

Hatua ya 1: Kagua ncha, kisha mabamba

Katikati ya waya hudanganya kwa kung'aa. Tazama pale waya unapoingia kwenye kiungo chake, kile chuma cha nchani. Pitisha kipande cha pamba taratibu. Ikinasa, kuna uzi umekatika. Kwenye viungo vilivyobanwa kwa mashine, chukua kioo cha kukuzia utafute ufa mwembamba unaokwenda kwa urefu wa bomba. Ufa ukiuona, waya huo hausafiri tena, hata kufika kisiwa cha Ndere.

Mabamba ya ubavuni, yale yanayoshika nyaya kwenye mwili wa mashua, yafungue. Usiyaangalie kwa juu tu. Stenlesi huoza mahali pasipo na hewa penye unyevu, yaani pale hasa bamba linapopenya sitaha. Bonyeza mbao ya ndani kwa bisibisi. Ikizama, una kazi ya useremala kabla ya kununua waya hata mita moja.

Hatua ya 2: Shusha mlingoti

Kabla ya yote, inua kichwa utafute nyaya za umeme. Mlingoti wa alumini na laini ya umeme havikutani mara mbili. Sehemu nyingi za kuvutia mashua nchi kavu zina laini inayopita karibu kuliko unavyodhani.

Toa mti wa chini wa tanga. Funga henza moja mbele na nyingine ubavuni zishike mlingoti kwa muda, kisha ndipo ulegeze vikazio, zile skrubu za kukaza nyaya kule chini. Watu wanne wanatosha kwa mashua ya futi 21, mmoja wao akiwa kazi yake ni kutoa amri tu. Piga picha kila kiungo kabla hujakifungua, na ufunge lebo kwenye kila waya: kulia, kushoto, juu, chini.

Hatua ya 3: Pima

Nyosha waya chini kwenye sakafu, uuvute ukaze, upime kutoka katikati ya tundu la pini hadi katikati ya tundu la pini. Kikazio kipya kihesabu kikiwa nusu wazi, ili ubaki na nafasi ya kukaza na ya kulegeza. Waya wa zamani umerefuka kidogo, kwa hiyo usiuchukue kuwa ndiyo kipimo kitakatifu. Kama vikazio vya zamani vilikuwa vimekazwa hadi mwisho, punguza urefu.

Unene upime kwa kalipa, si kwa macho. Mashua za Marekani hutumia inchi. Waya wa 5/32 ni milimita 3.97, na watu huuchukulia kuwa wa 4 bila shida kubwa. Lakini 3/16 ni milimita 4.76, na kiungo cha milimita 5 hakitaushika sawasawa. Hapo ndipo pesa hupotea, maana viungo ukishavifungua dukani havirudishwi.

Hatua ya 4: Chagua waya na ncha

Unaotaka ni stenlesi ya daraja la 316, muundo wa 1x19: uzi mmoja katikati, 6 kuuzunguka, 12 nje. Ni mgumu na haurefuki ovyo. Wa milimita 4 hubeba zaidi ya kilo 1,200 kabla ya kukatika. Waya wa hadwea wa kuvutia magari, wenye zinki na utambi wa kamba ndani, uache hukohuko. Unanyumbuka, na unaoza kuanzia ndani ambako huoni.

Kwa ncha kuna njia mbili. Kubana kwa mashine ni rahisi kwa bei na kuzuri, ila mashine yenyewe ni lazima iwe ya kazi hiyo. Jeki ya haidroliki ya gereji haitoshi. Waya wa 1x19 mimi huagiza pwani, na ukituma vipimo sahihi unaweza kuletewa juu pamebanwa tayari. Chini natumia viungo vya kufunga kwa spana, aina ya Sta-Lok. Ni ghali, lakini urefu wa mwisho unaukata mwenyewe hapa hapa, na kiungo utakifungua tena siku waya utakapozeeka.

Hatua ya 5: Kufunga kiungo cha spana

Hapa usiwe na haraka. Zungushia tepu mahali pa kukata, ukate katikati ya tepu kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Ncha iwe mraba, bila vinyweleo.

Ingiza kwanza sehemu ya chini ya kiungo kwenye waya, ile yenye shingo. Ukiisahau utafumua kila kitu upya. Sasa fumua nyuzi 12 za nje, uache zile 7 za ndani zikiwa zimesimama pamoja. Vika koni juu ya hizo 7, zitokeze kidogo, kama milimita moja na nusu, au kadiri karatasi ya mtengenezaji inavyosema. Rudisha nyuzi 12 kuizunguka koni kwa mkunjo wake uleule wa asili, zikiwa na nafasi sawa. Koni ina mfereji ubavuni: uzi ukidumbukia humo, kiungo hakina nguvu.

Vuta shingo juu, funga kwa spana mbili, kisha ufungue utazame. Nyuzi zinatakiwa ziwe zimejikunja kwa ndani kama vidole vilivyoshika yai. Kama zimepangana vizuri, jaza silikoni ya baharini, weka tone la gundi ya nati kwenye hesi, ufunge kwa mara ya mwisho.

Hesi za stenlesi hushikana zikizungushwa kavu. Paka grisi kwenye vikazio kabla hujavigusa.

Hatua ya 6: Simamisha na ukaze

Mlingoti ukisimama, kaza kwa mkono kwanza. Pandisha henza ya tanga kuu ikiwa na futi kamba mwishoni, upime hadi bamba la kulia, kisha la kushoto. Vipimo vikilingana, mlingoti hauegemei. Kaza za juu kwanza, zamu kwa zamu kila upande, kisha za chini hadi mlingoti unyooke ukiuchungulia kutoka chini.

Kujua kiasi bila kifaa cha kupimia: waya ukiwa umelegea, funga kwa tepu ncha ya juu ya rula ya mita 2 kwenye waya, uweke alama kwenye waya pale ncha ya chini inapoishia. Kaza. Alama ikisogea milimita 1 kutoka ncha ya rula, umefikia asilimia 5 ya nguvu ya kukatika, na haijalishi waya ni mnene kiasi gani. Milimita 3 ni asilimia 15, na zinatosha.

Kunja miguu ya kota-pini, zile pini za kuzuia vikazio visijifungue, funika kwa tepu, uende majini. Upepo ukiwa wa wastani, nyaya za upande usio na upepo zisining'inie. Rudia kukaza baada ya safari ya kwanza, waya mpya hukaa.

Maswali ya wanachama

Nahodha wa Mbita: Fundi, kwa nini nisiweke milimita 5 badala ya 4 nikalala usingizi?

Kwa sababu tundu za pini, vikazio na mabamba yako ni vya 4. Ukipanua tundu umelidhoofisha bamba. Halafu uzito ule juu ya mlingoti unaifanya mashua ilale zaidi. Lala usingizi kwa ncha nzuri, omera.

Mama Naivasha: Shikamoo mwalimu. Kamba za Dyneema je? Ni nyepesi na kijana wangu anaweza kuzisuka mwenyewe.

Marahaba mama. Zinafaa, mradi ziwe za kusimamisha mlingoti, zilizovutwa kwa joto kiwandani, na ununue nene kuliko hesabu ya nguvu peke yake, maana hurefuka polepole zikibaki kwenye mvuto. Jua letu la ikweta linazila na msuguano unazimaliza, basi zivike ala pale zinapogusa mikono ya mlingoti, ile inayotanua nyaya za ubavuni.

Kijana wa Kendu Bay: Na radi? Kwetu haipiti wiki.

Waya mpya hauiti radi kuliko wa zamani. Wingu likijenga, rudi. Likikukuta katikati ya ghuba, kaeni chini, mbali na mlingoti, na asiwepo wa kushika waya wowote.

Baba Achi: Nyaya za zamani nizitupe?

Weka mmoja mrefu ambao haujakatika uzi, pamoja na klipu tatu za U, ziwe za dharura ya kufika nyumbani. Ukifunga, kitako cha klipu kikae upande wa waya unaobeba mzigo, na U ibane ile ncha fupi iliyokunjwa. Ukigeuza, U itauponda waya unaobeba. Nyingine peleka kwa wauza vyuma chakavu Kibuye, lakini zikate vipande kwanza, zisije zikarudi ufukweni zikiuzwa kama mpya.