Jinsi ya kuisoma denie ya Ufaransa ya kikabaila

Denie na nusu yake, oboli, ni sarafu ndogo zilizopigwa kwa nyundo katika majimbo ya Ufaransa enzi za ukabaila. Wengi hupotea palepale mwanzoni: wanasoma jina la mfalme, wanadhani wameshaujua mwaka.

Anza na mizani ya sonara. Denie huwa na gramu 1 hivi na upana wa milimita 17 hadi 20. Uzito ukiwa kama nusu yake, hiyo ni oboli. Ishike kwa ukingo. Ni kibati chembamba cha shaba na fedha, na penye ufa hukatika kama kaki.

Usiisugue, wala usiitie ndimu au ukwaju kama unavyosafisha sinia. Asidi huila shaba iliyomo, uso ukabaki na vitundu na herufi zikaondoka nao. Iloweke kwenye maji yaliyokenekwa, uyabadilishe kila siku mpaka udongo ulainike, kisha uuchokoe kwa kijiti cha mti.

Sasa iweke chini ya taa, mwanga uje kutoka ubavuni, na uizungushe polepole. Tafuta kijisalaba katikati ya maandishi ya ukingoni: hapo ndipo yanapoanzia, nawe usome kufuata mshale wa saa. A mara nyingi haina kijiti cha kati, S huweza kulala au kugeuka, V husomwa U. Upande mmoja ukiwa umefutika, huenda si uchakavu: nyundo haikutua sawasawa. Jaza pengo kwa maneno yanayojirudia: COMES na DVX ni vyeo, CIVI na VRBS ni mji, CASTRO ni ngome.

Mahali pana uzito kuliko jina. LODOICVS (Louis kwa Kilatini) upande huu na EGOLISSIME upande wa pili ni sarafu ya mji wa Angoulême. Louis huyo alitawala karne ya 10, lakini jina lake liliendelea kupigwa hadi karne ya 13, maana sokoni watu hupokea sura waliyoizoea. CARLVS (Charles) yenye METALO, yaani mji wa Melle katika jimbo la Poitou, nayo jina lake liliendelea kupigwa vivyo hivyo. Kwa sarafu hizi kadiria umri kwa umbo la herufi, uzito na kiasi cha madini ya fedha yaliyomo.

Zipo zinazojitaja kwa picha: chanuo ni Provins, kwa watawala wa Champagne; kijengo chenye msalaba juu ni Tours.

Mwisho kagua ukingo kwa lenzi. Ukiona mshono umezunguka, na uso una matundu ya hewa, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, nyundo haijaigusa.